Saa ya Kamera ya Pili

Kabla ya kila harusi, mimi na wifi yangu tulikuwa na jambo moja ambalo hatukuliruka. Tulisimama bega kwa bega, kwenye ngazi za ukumbi au ubavuni mwa gari lake, tukawasha kamera zetu na kulinganisha saa. Kamera ina saa yake tumboni, na kila picha huandikiwa dakika iliyopigwa. Saa zikiwa sawa, picha za kamera zote mbili zikiingia kwenye kompyuta hujipanga zenyewe: yake, yangu, yangu, yake, mpaka mwisho wa sherehe. Zikipishana hata dakika kumi, utakuta bi harusi anakata keki kabla hajaingia ukumbini.

Ni utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Ubaya wake ni kwamba zikishajipanga hivyo, hakuna anayejua ipi kapiga nani, na zote zilitoka na jina la wifi.

Msinione mtu wa roho mbaya kabla sijamaliza. Wifi huyu ni mdogo wa mume wangu. Alikuja kukaa kwetu alipomaliza shule, na begi moja na mdomo usiojua kupumzika. Siku hizo mwenye kamera nilikuwa mimi. Nilikuwa napiga picha za pasipoti chumba cha mbele, shuka jeupe ukutani na stuli iliyokuwa ikiyumba, kila mteja namwambia asitikisike. Yeye alikuwa hajui hata kamera inashikwaje. Nilimkalisha mezani jikoni, nikaweka yai kwenye sahani karibu na dirisha, nikamwambia atazame kivuli kinavyolizunguka.

“Wifi,” akaniuliza, “hili yai tunalipiga picha au tunalikaanga?”

Tulicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nakumbuka nilimpenda siku ile.

Miaka sita baadaye yeye ndiye aliyekuwa na studio, chumba cha ghorofani juu ya fundi viatu, na kibao chenye jina lake kwa herufi za rangi ya dhahabu. Simu zilikuwa zimeniua na pasipoti zangu, kila mtu anajipiga mwenyewe. Akanifuata nyumbani. “Wifi, tufanye wote. Wewe utakuwa kamera ya pili.” Mume wangu alifurahi sana, dada yake na mke wake kazi moja. Alidhani ni baraka.

Nilikuwa nikijiliwaza kwa msemo wa wazee kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shida ni kwamba wifi alikuwa mzuri na bado alijitembeza. Mimi nikimwambia mtu asimame, anasimama. Wifi akimwambia, anasimama, anatabasamu, na kesho yake anampigia simu kumweleza habari za watoto wake. Mashangazi walimkumbuka. Akina baba wenye sura za kesi mahakamani walilegea mbele yake. Mimi niliitwa “yule mwingine.” “Muulize yule mwingine choo kiko wapi.” “Mpe yule mwingine mkoba ashike.”

Kamera ya pili ina mahali pake. Wifi anakaa na bi harusi, mimi naenda kwa bwana harusi, kwenye chumba kilichojaa wanaume wasiojua kufunga tai. Wifi anasimama mbele, mimi nyuma ya safu ya mwisho, juu ya kiti. Yeye anapiga busu, mimi napiga mama anayelia kwa sababu ya busu. Na kuna sheria moja kubwa kuliko zote: kamera moja isionekane kwenye picha ya mwenzake. Mteja halipendi bega la mpiga picha katikati ya viapo vyake.

Wivu naujua tangu zamani, lakini ule wa kawaida, wa kuona jirani kapaka nyumba rangi. Huu wa wifi ulikuwa na makazi. Ulikaa hapa, chini ya koo, na kila alipotajwa uligeuka ubavu. Sebuleni kwa mama mkwe kuna ukuta mzima wa picha, mama anaziita “kazi za mwanangu.” Nne kati ya hizo nimezipiga mimi. Ile ya mzee anayecheka ameshika kofia kifuani, yangu. Ile ya viatu vyeupe juu ya kiti cha plastiki, yangu. Wageni wakija mama anawaonyesha moja moja, na mimi nipo hapo hapo namimina chai. Siku moja wifi alisema, “Mama, hiyo ya kofia kapiga wifi.” Mama akajibu, “Si ni mamoja?”

Haikuwa mamoja. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Sasa ikatokea hivi. Kulikuwa na ukumbi tuliokuwa tukienda mara kwa mara, mkubwa, wenye madirisha marefu ya upande mmoja. Meneja wake alikuwa mama mkavu, miwani imening’inia kwa kamba, asiyetabasamu bila sababu ya kikazi. Alhamisi moja alituita ofisini. Ukumbi ulitaka mpiga picha wake wa kudumu, kila mwisho wa wiki, apewe chumba chake chenye dirisha na jina lake mlangoni.

“Namtaka mmoja,” alisema. “Wawili wawili wananijazia njia. Jumamosi mna harusi hapa. Jumatatu nakuja studio kwenu kuziona picha, na nataka kuziona mbichi, kabla hamjachagua. Picha zilizochaguliwa hazinionyeshi mtu. Zinanionyesha mkasi.”

Kwenye gari wifi alikuwa akipiga usukani kwa vidole kwa furaha. “Tutampa zote pamoja, aone kazi yetu. Akinichukua mimi, nitamwambia siendi bila wewe.”

Nilimshukuru. Moyoni nilisema, sikia, siendi bila wewe, kama anasema mwavuli. Hakufikiria hata kidogo kwamba huenda nikachukuliwa mimi. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, na jina langu lilikuwa limeandikwa mahali pawili tu, kwenye kitambulisho na kwenye kadi ya kliniki. Nililitaka mlango ule. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaupaka rangi.

Ijumaa jioni, mume wangu akiangalia mpira, nilikaa mezani jikoni na kamera yangu. Dakika sikuzigusa. Nilisogeza siku tu, moja mbele, ili kesho yake kamera iamini ni Jumapili. Kompyuta ingezimwaga picha za wifi kwanza, za Jumamosi, mpaka ya mwisho. Kisha zingekuja zangu, peke yao, mfululizo, bila yake hata moja katikati. Meneja angeuliza, “Na hizi za nani?” Nami ningejibu. Sikuiba kitu na sikufuta kitu, nilijiambia hivyo mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa mtu asiyeiba.

Asubuhi, kwenye ngazi za ukumbi, wifi akainua kamera yake. “Wifi, saa?”

“Niliweka nyumbani.” Niliigeuza kioo kifuani.

“Nisomee dakika.”

“Saa tatu na kumi na saba.”

“Na mimi kumi na saba. Haya, twende tukawapendezeshe.” Hakuuliza siku. Nani anauliza siku?

Nilipiga vizuri siku ile, naapa. Mikono ilikuwa myepesi. Nilikuwa naona kila kitu: nilimwona wifi akipiga magoti kumnong’oneza mtoto wa maua, mtoto akaacha kulia. Nilimwona akimpokonya shangazi mkubwa mkoba wake, kwa utani, ili mikono ipendeze, shangazi akacheka. Nilimwona akipita katikati ya watu na watu wakimpisha bila kuombwa. Kila alichofanya nilikiona, na kila nilichokiona kiliniwasha. Nikasema moyoni, ngoja Jumatatu.

Saa nne na nusu nilitakiwa niwe chumba cha bwana harusi. Nilipita kwa bi harusi kuchukua betri, nikakuta balaa. Msimamizi wake alikuwa amekanyaga gauni na upindo umeachia, kipande kirefu kinaburura. Wasichana wanapiga kelele, mama yake anatafuta fundi kwenye simu. Wifi alikuwa chini sakafuni. Kamera kaitupa mgongoni, uzi kaushika kwa meno, anashona. Bi harusi kaweka mkono juu ya bega lake, machozi hayajakauka na kicheko kimeshaanza, kwa sababu wifi, na uzi ule mdomoni, alikuwa bado anaongea. Mwanga wa dirisha ulikuwa umelala upande wa uso wake kama nilivyomfundisha kwenye yai.

Nikapiga. Nikapiga tena. Nilisimama pale sijui muda gani.

Jumatatu meneja alikuja mapema, sisi bado hatujafungua madirisha. Wifi alimpa kiti kizuri, akachomeka kadi zote mbili. Picha zikaanza kumiminika kwenye kioo na nikamwona wifi akikunja uso.

“Wifi, zako ziko wapi? Mbona... ah. Zimeingia Jumapili.”

“Kamera imezeeka,” nilisema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu hilo.

“Ngoja nizirekebishe, dakika tano tu.”

“Acha zilivyo,” meneja alisema, akavaa miwani.

Alizipitia za wifi kwa haraka, kama mtu anayehesabu vigae. Alitikisa kichwa mara mbili tatu, vizuri, vizuri. Harusi yote ilikuwa mle: viapo, machozi, mikono, mzee aliyesinzia wakati wa hotuba. Nilikuwa nasubiri ziishe. Zikaisha.

“Na hizi?”

“Zangu,” nikasema. Sauti ilitoka kubwa.

Ya kwanza, ngazi za ukumbi, maua, na wifi. Ya pili, mtoto wa maua, na wifi amepiga magoti. Nikasema bahati mbaya, imetokea. Ya kumi, shangazi, na wifi ana mkoba. Ya ishirini, safu nzima ya wageni, na mgongo wa wifi katikati, umelengwa kabisa, wageni wenyewe wamefifia. Bi harusi anaingia, na kiwiko cha wifi. Keki, na nyuma ya keki uso wa wifi, mkali, kila nywele inaonekana. Meneja alianza kupunguza mwendo. 

Zikiwa zimechanganywa na za wifi, nisingejua maisha yangu yote. Wifi mwenyewe alikuwa akizichuja kila wiki, sijui kwa miaka mingapi, na hakuwahi kuniambia neno. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimechimba na kuteremka kwa ngazi.

“Huyu naona yuko kila mahali,” meneja alisema. “Bwana harusi kavalishwa koti na baba yake, iko wapi?”

Haikuwepo. Nilikuwa chumba kisicho changu wakati ule. Wifi akajibu kabla yangu: “Mimi ndiye niliyemwita aje anisaidie, gauni lilichanika.” Alisema uongo bila kunitazama. Sikumshukuru.

Ndipo ikaja ile ya sakafuni. Meneja alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na nadhani kuliko nitakazopiga. Hata mimi mwenyewe, na kijiba changu cha roho, niliona.

“Hii kapiga nani?”

“Mimi.”

“Nzuri mno,” alisema, na moyo wangu ukasimama kwa miguu miwili. Kisha akamnyooshea kidole wifi, yule wa kwenye kioo, mwenye uzi mdomoni. “Basi nimeshaamua. Mtu anayeweza kuitupa kamera yake mgongoni akamshonea bi harusi gauni, huyo ndiye ninayemtaka kwenye ukumbi wangu. Unaanza mwezi ujao.”

Wifi alisema siendi bila wifi yangu, kama alivyoahidi. Meneja akasema mmoja, akachukua mkoba wake. Wifi aligeuka kunitazama. “Nenda,” nikamwambia. Alikubali, na simlaumu. Ningekuwa mimi ningekubali meneja hajamaliza sentensi.

Meneja alipoondoka tulibaki wawili na kompyuta inaunguruma. Wifi alirudi kwenye picha ile. Aliisogelea mpaka pua karibu iguse kioo.

“Unajua sina picha yangu?” alisema. “Tangu ya shule. Mfinyanzi hulia gaeni.” Akaugusa ule uzi kwenye kioo. “Hakuna mtu aliyewahi kuniangalia hivi, wifi. Hata yule mume niliyekuwa naye, Mungu amsamehe, kabla hajaniacha. Kumbe unanipenda hivi.”

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema, mdogo wangu, huu ni wivu, na siku nzima nimekutazama kwa sababu ya roho kuniuma. Lakini yeye alikuwa anafuta macho kwa mkono wa blauzi. Nikasema, “Ndiyo.”

Akabonyeza kitu, akasoma maandishi madogo chini ya picha. Akasoma tena.

“Dakika ziko sawa kabisa,” alisema polepole. “Ni siku tu.”

Kamera ikizeeka hupoteza dakika, leo mbili, kesho tatu. Haijawahi kuruka siku nzima na kutua kwenye dakika ile ile. Mimi ndiye niliyemfundisha hilo. Nilisubiri aseme. Alizima kompyuta, akafungua madirisha, akaniuliza kama nina njaa.

Usiku huo nilifanya kitu cha kijinga. Nilikuwa na nakala za kadi zake, nikazipitia picha zake za Jumamosi zote, kisha za harusi iliyotangulia, kisha nyingine, nikitafuta picha moja tu niliyomo mimi. Hata kidole. Sikuwemo. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, kwa sababu ndivyo kamera ya kwanza inavyotakiwa kupiga. Yeye alikuwa akiangalia harusi. Mimi nilikuwa namwangalia yeye. Miaka yote nilidhani kinachotutenganisha ni mdomo.

Jumapili tulikutana kwa mama mkwe. Wifi alikuwa ametangulia na kifurushi, na nilipoingia kilikuwa kimeshafunguliwa na kutundikwa katikati ya ukuta, kikubwa kuliko vyote. Wifi sakafuni, uzi kwenye meno. Chini, pembeni, kwa mwandiko wake mzuri, aliandika jina langu. Lote, mpaka la baba yangu.

“Sasa hii ndiyo picha,” mama mkwe alisema, amerudi nyuma hatua mbili kuitazama. “Mwanangu umetoka kama wewe. Nani kakupiga hivi?”

“Si wifi? Soma hapo chini, mama.”

Mama alisoma, midomo inatembea. Akanigeukia, akanishika mkono kama siku niliyoletwa nyumba ile. “Kumbe wewe nawe unajua.” Nikacheka, maana sikuwa na lingine. Jina langu liko ukutani kwa mama mkwe hatimaye, na limekaa chini ya uso wa wifi.

“Na yako iko wapi?” mama akauliza. “Ukuta mzima huu, mke wa mwanangu hayumo.”

Wifi aliacha kucheka. Alikwenda kuchukua kamera kwenye mkoba wake. “Simama pale, karibu na dirisha. Hapo hapo.”

Nilisimama. Nimewapanga watu maelfu, wakuu wa shule, wazee, watoto wachanga, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Mume wangu aliniambia nilegeze mabega. Wifi aliinua kamera, akafumba jicho moja, akapiga. Akaangalia kioo. Akainua tena, akapiga, akaangalia.

“Imekuwaje?” mama aliuliza.

“Bado.” Alisogea hatua moja, kamera ikiwa usoni, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile anayoitumia kwa watoto wa maua. “Wifi, usiniangalie mimi. Angalia kamera.”